Gari la Marehemu na Maji Yake

Siku tulipomaliza matanga ya mume wangu, shemeji yangu alinyoosha mkono mbele ya watu wote akaniambia nimpe funguo za gari. Tulikuwa Ngumbo, kando ya ziwa, nyumbani kwa wakwe zangu, dagaa wa usipa wameanikwa kwenye vichanja kando ya njia na watu wakiwa bado wanakula. Shemeji alikuwa kaka mkubwa wa marehemu. Alisema gari ni la ukoo, kwamba marehemu alilinunua akiwa mtoto wa nyumba ile, na kwamba mwanamke aliyekuja kwa kuolewa hawezi kuondoka nalo akalipeleke kwao Ukata. Nilimtazama mama mkwe wangu. Aliinamisha kichwa. Nikafungua pindo la khanga, nikatoa funguo, nikaziweka kwenye kiganja cha shemeji.

Nilirudi Mbinga kwa basi. Kabla hatujafika Liuli shemeji alitupita, ameshusha kioo na kutoa kiwiko nje kama alivyopenda kufanya mume wangu. Sikulia. Nililitazama lile gari jeusi likitutangulia na vumbi lake, na kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu. Hakuwa ameuliza kwa nini nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na dumu la maji.

Gari lile nililijua kuliko mtu yeyote aliye hai, ukimtoa fundi mmoja. Mume wangu alikuwa mjenzi wa madarasa na zahanati, na alipopata kazi kubwa alikwenda Dar es Salaam akarudi na gari la kifahari lililokwisha kutumika miaka mingi na mtu mwingine. Lilikuwa na viti vya ngozi, kioo cha darini kinachofunguka, na milango inayojifunga kwa sauti ndogo kama mtu anayekohoa kwa adabu. Mtaani kwetu walikuja kulishika. Mimi nilikasirika kwanza, kwa sababu nyumba ilikuwa haijapigwa plasta. Baadaye kisukari kikamshika mume wangu miguuni, akawa hausikii mguu kwenye breki, ikabidi mimi nijifunze. Nilijifunzia kwenye uwanja wa mpira wa shule, yeye akiwa kando yangu ananiambia taratibu, taratibu, mama. Kuanzia hapo dereva nilikuwa mimi. Nilimpeleka kliniki, nilimpeleka kwenye majengo yake, nilimpeleka kwa mama yake ziwani. Kwa hiyo shemeji aliposema lile si gari la mwanamke, kila mtu pale matangani alikuwa amewahi kuniona nikiliendesha, na hakuna aliyefungua mdomo.

Ugonjwa wa gari ulikuwa maji. Ukitoka Mbamba Bay ukaanza kupanda kuja Mbinga, kona kwa kona, mshale wa joto ulikuwa unainuka. Tukisimama, tunakuta tenki la maji limekauka. Chini ya gari hakuna hata tone. Fundi wa kwanza alisema ni rejeta, tukabadilisha rejeta. Wa pili alisema ni hozi ya juu, tukabadilisha hozi. Mwingine akasema pampu, mwingine kifuniko cha tenki, na mmoja aling'oa themostati akaitupa, akasema nchi yetu haina baridi ya kuihitaji. Kila mara gari lilitulia siku chache, tukafurahi, halafu likarudia. Dereva mmoja wa lori alitushauri tupake sabuni ya mche kwenye viungo vyote. Tulipaka. Gari likanukia kama nguo zilizofuliwa, na maji yakaendelea kupotea.

Aliyetusaidia mwisho alikuwa fundi mwenye gereji nyuma ya duka langu la vitenge. Babu yake alikuja Mbinga na biashara kutoka Kilwa, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno mengi aliyependa kubishana na mume wangu kuhusu kila kitu, dini mpaka nondo. Naye alikosea mara ya kwanza. Alituambia ni silinda hedi, akaifungua bure. Lakini hakukata tamaa. Alikuwa na pampu ndogo ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko cha tenki, ukaipampu upepo na kutazama kama unashuka. Gari likiwa baridi upepo haukushuka kabisa. Ndipo mume wangu akasema tulipandishe mlima mpaka lichemke, tusimame palepale, tufungue boneti kabla halijapoa.

Tukafanya hivyo mchana mmoja, sisi watatu. Nilipozima injini tulisikia harufu tamu, kama sukari inayoungulia sufuriani. Mvuke mwembamba ulikuwa unatoka nyuma kabisa, karibu na kioo, mahali ambapo mkono hauingii. Nilikuwa na kioo kidogo cha dukani, kile cha wateja kujitazamia, nikakiingiza huko na fundi akamulika kwa tochi. Tukaona bomba la plastiki lililolala chini ya vyuma vingine, na kwenye mshono wake ukoko mweupe kama chumvi. Lilikuwa limepasuka kwa urefu. Injini ikipata moto ufa unafunguka, maji yanaangukia kwenye chuma na kukauka hapohapo. Ikipoa unajifunga. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Alisema miaka yote ile tulikuwa tunamfuata mwizi barabarani, kumbe amelala chumbani kwetu.

Tuliagiza bomba jipya. Lilichukua muda mrefu kufika, na mume wangu hakulisubiri. Mtu wa basi aliniletea dukani wiki kadhaa baada ya matanga, ndani ya boksi lenye jina la marehemu. Nililiweka kwenye rafu juu ya vitenge, mahali ambapo nikiinua macho kutoka kwenye mashine ya kushonea naliona.

Watu waliniambia niende mahakamani. Kadi ya gari ilikuwa na jina la mume wangu, na shahidi ningepata. Dada yangu alinishika mkono kabisa kunipeleka. Nilimwambia asubiri. Sikuwa na huruma na sikuwa na hofu. Nilikuwa najua tu kwamba kati ya Ngumbo na Mbinga kuna mlima, na kwamba shemeji yangu anapenda kuonekana mjini.

Habari zilianza kuja zenyewe. Mteja wa Liuli alikuja kupima sare akaniambia gari la marehemu limesimama njiani, boneti wazi. Mwalimu wa Kingerikiti akasema amemwona shemeji akiomba maji kwenye nyumba za watu. Kisha nikasikia amebadilisha rejeta, ile niliyoibadilisha mimi. Kisha pampu. Alikuwa anapita njia tuliyopita sisi, fundi kwa fundi, kosa kwa kosa, na mimi nilikuwa namfuata kwa masikio nikiwa nimekaa kwenye mashine. Kwa fundi wa nyuma ya duka langu hakwenda. Alitangaza kwamba fundi huyo alishirikiana nami kumla marehemu pesa zake. Nilifurahi kusikia hivyo. Alikuwa amejifungia mlango wa pili mwenyewe.

Fundi ndiye aliyekosa amani. Alikuja dukani, akakaa kwenye benchi la wateja, akalitazama boksi.

"Mama, lile gari litakuja kuunguza injini," alisema. "Nimpigie simu?"

"Usimpigie."

"Ni dakika moja tu. Nimwambie bomba la nyuma."

"Aje aulize," nikamwambia. "Njia ya kuja hapa anaijua. Siku akiuliza nitamjibu."

Akatikisa kichwa, akasema mimi ni mtu mgumu. Nikamwambia ndiyo.

Shemeji nilimwona kwa macho yangu mara moja. Nilikuwa natoka Mbamba Bay kununua samaki wa mbasa wa kukaanga kwa ajili ya Pasaka, na basi letu likamkuta katikati ya mlima. Shemeji alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya sherehe na jasho limemlowesha mgongo. Alikuwa amefungua tenki lingali moto, maji yakamrukia, mkono wake ulikuwa umefungwa leso. Dereva wetu alisimama kuuliza kama anahitaji msaada. Nilitoa kichwa dirishani, nikamsalimu vizuri, nikamuuliza habari za nyumbani na za mama. Akajibu nzuri. Nikampa chupa yangu ya maji ya kunywa. Aliipokea. Alinitazama machoni, akafungua mdomo, nikadhani sasa anauliza. Akasema asante, shemeji. Basi likaondoka. Njia nzima nilikuwa na raha ambayo sikuwa nimeipata tangu msiba, na nilikula mbasa wangu siku ile kwa hamu ya mtu aliyelima kutwa.

Halafu akamweka mama mkwe wangu ndani ya gari lile.

Mama alikuwa anaumwa kifua na zahanati ilitaka apelekwe hospitali Mbinga. Kulikuwa na gari la jirani, lilikuwa zima, na mwenyewe alijitolea kwa gharama ya mafuta tu. Shemeji alikataa. Alisema watu watamcheka, ana gari la kifahari uani halafu mama yake anapandishwa pikapu ya kubebea samaki. Akajaza madumu ya maji, akamlaza mama kwenye viti vya ngozi, akaondoka. Mlimani gari likachemka kama kawaida yake, na safari hii hakusimama mapema kwa sababu ya aibu ya kusimama. Akalisukuma mpaka likazimika lenyewe, na halikuwaka tena. Mama alikaa kando ya barabara juani, anakohoa, mpaka lori la usipa likamchukua.

Nilipata simu kutoka kwa muuguzi, mteja wangu. Nilifunga duka nikakimbia. Nilimkuta mama kwenye kitanda, nguo zake zinanuka usipa na magamba yamemganda kwenye khanga. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia kwa shida. Nilimwogesha, nikambadilisha nguo, nikamkalisha na kumpa uji. Alikunywa kidogo akaniambia niketi.

"Mwanangu, kuna maneno yanasemwa," alisema. "Bora uyasikie kwangu. Anasema umelifunga gari."

"Kulifunga vipi, mama?"

"Dawa. Anasema kabla hujatoa funguo uliliwekea dawa, ndiyo maana mafundi hawaoni kitu. Amemleta mganga. Wameanza kusema hata mume wako…" Hakumaliza.

Mpaka siku ile nilikuwa nacheza na mtu aliyeninyang'anya gari, na mchezo ulinipendeza. Sasa nilielewa kwamba ameniita mchawi, na kwamba huko ziwani neno hilo likishika mizizi linafuatwa na mengine: kwamba nilimuua mume wangu, kwamba nisikanyage kaburini kwake. Nilimsubiri mama apone. Nilimhudumia kwangu mpaka alipoweza kutembea, na kila siku nilipokuwa namkanda kifua nilikuwa napanga.

Nilimpigia simu mwenyekiti wa kijiji cha Ngumbo, mzee aliyemheshimu sana mume wangu kwa sababu ya zahanati aliyowajengea. Nilimwambia nimeitwa mchawi na ninataka kuja kuchunguzwa mbele ya ukoo na mbele ya katekista, hadharani. Alishangaa. Alisema kwa kawaida ni wao wanaomwita mtu, si mtu kujiita. Nikasisitiza. Akapanga Jumapili baada ya ibada.

Nilikwenda na mama mkwe, fundi, vifaa vyake, na lile boksi. Tulikuta watu wengi kuliko matangani. Gari lilikuwa limevutwa mpaka uani, limefunikwa turubai, na lilipofunuliwa niliona usukani umefungwa kitambaa cheusi na chekundu, na kwenye milango kumepakwa kitu kama masizi na mafuta. Viti vya ngozi vilikuwa vimechanjwa kwa wembe. Mganga alikuwa ametafuta dawa yangu ndani ya sponji. Kuona vile viti nilitaka kumrukia shemeji kwa kucha. Badala yake niliwasalimu wazee mmoja mmoja nikipiga goti, nikaketi kwenye mkeka.

Mwenyekiti alimpa shemeji nafasi. Alisimama akaeleza kwa kirefu: mafundi wangapi, vifaa gani, maji yanaingia wapi na hayatoki popote. Alisema hakuna gari duniani linalokunywa maji bila kuvuja. Watu wakaguna kukubali. Alieleza vizuri, kwa kweli. Kama ningekuwa sijui, hata mimi ningeamini.

Nilipopewa nafasi nilisema naomba fundi afungue injini, kila anayetaka asogee aone. Shemeji akakataa, akisema fundi ni mtu wangu. Mwenyekiti akamuuliza anaogopa nini. Akakaa.

Kazi ilikuwa ndefu. Fundi alifungua chuma baada ya chuma, akavipanga juu ya turubai, na kwa kuwa hawezi kufanya kazi kimya alikuwa anawaeleza watu kila anachokitoa. Wavuvi waliopita wakasimama. Wanawake wakaleta mihogo ya kuchemsha. Mwishowe akaingiza mikono yote miwili nyuma ya injini, akavuta, na bomba likatoka. Alilifuta kwa kitambaa, akalikunja kidogo. Ufa ukafunguka wazi kama mdomo, na ule ukoko mweupe ukadondoka. Alimpa mwenyekiti, mwenyekiti akampa katekista, likazunguka mikononi mwa watu. Nikafungua boksi, nikalitoa bomba jipya mbele yao, likiwa bado na nailoni yake, nikaonyesha jina la marehemu na muhuri wa siku aliyoliagiza akiwa hai.

Nikawaambia nilikuwa najua. Mume wangu alijua, fundi alijua. Tulilitafuta tatizo hilo kwa muda mrefu kuliko shemeji, na tulilipata.

Shemeji alikuwa amelishika lile bomba bovu.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Hukuniuliza, shemeji. Uliniomba funguo, nikakupa funguo. Maswali ulimpelekea mganga."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza zaidi kuliko kicheko. Mama mkwe wangu ndiye aliyesimama. Sikutarajia. Alisema siku ya matanga alinyamaza kwa sababu huyu ndiye mwana wa kiume aliyembakia, na akamtegemea. Akasema aliyemwogesha magamba ya samaki ni mkwe wake, na gari lirudi kwa mwenyewe leo hii, si kesho. Baada ya mama kusema vile wazee hawakuwa na la kujadili.

Mimi nilikuwa nalo. Niliomba mambo mawili. Kwanza, shemeji aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wote aliowaambia, kwamba mimi si mchawi. Alisema kwa sauti ya chini. Nikamwambia katekista kwamba wavuvi walioko nyuma hawakusikia. Shemeji akarudia. La pili, avifungue vile vitambaa kwa mikono yake na kuyasugua masizi. Alileta ndoo. Nilisimama kivulini nikamtazama akisugua mlango wa dereva, mlango wa nyuma, boneti, na kila alipodhani amemaliza nilimwonyesha palipobaki. Fundi alininong'oneza kwamba imetosha. Nikanyoosha kidole kwenye kitasa.

Gari lilivutwa mpaka Mbinga. Gasketi ilikuwa imeungua na fundi alihangaika nalo kipindi kirefu, lakini bomba jipya lilipokaa mahali pake maji hayakupungua tena. Viti nilivishona mwenyewe kwa uzi mnene. Mishono inaonekana, na sikutaka kuificha.

Katekista amenijia zaidi ya mara moja kuhusu kusamehe. Nampa kiti, nampa chai, namsikiliza. Nimempa shemeji mkono kanisani kama katekista anavyotaka. Siwezi kusema kuna kilichohama moyoni.

Ninashuka Ngumbo mara kwa mara kumwona mama na kusafisha kaburi. Njiani nikimkuta shemeji anasubiri usafiri, nasimama. Nasimama kila mara, hata nikiwa na haraka. Namwambia apande, na kwa kuwa mbele kuna mama au mizigo yangu, anakaa nyuma, juu ya ile mishono. Simwulizi chochote njia nzima. Tunapopanda mlima naona kwenye kioo macho yake yanautazama mshale wa joto, na mshale haunyanyuki. Akishuka lazima aseme asante, shemeji, mbele ya watu wa stendi. Watu wa pale wananisifu, wanasema yule mama ana moyo.

Majuzi nilikuwa natokea kona ya Liuli nikamwona kwa mbali amesimama na kifurushi chake. Alilitambua gari, akazunguka haraka nyuma ya kibanda cha kuuzia vocha. Nilipunguza mwendo, nikaegesha mbele ya kibanda, nikapiga honi taratibu, nikasubiri atoke.